Majani ya Muleba na Kipimo cha Uvimbe

Muleba, mkoani Kagera, ni nchi ya migomba na kahawa ambako dawa nyingi bado huchumwa karibu na nyumba. Mmojawapo wa mimea inayofahamika sana ni omubirizi, wenye majani machungu, ambao wataalamu huuita Vernonia amygdalina.

Elimu ya mimea kama hiyo ilipata mlango rasmi mwaka 1974, kilipoanzishwa Muhimbili kitengo cha kutafiti tiba asili. Mwaka 1991 kikapandishwa kuwa taasisi. Kutoka hapo mtafiti Mainen Moshi, akishirikiana na wenzake wa Kenya na Uganda, alielekea Kagera. Taarifa zao zilitoka kwa kufuatana: kata ya Bugabo mwaka 2009, kata ya Katoro 2010, kisha kijiji cha Kikuku, Muleba, 2012. Kazi ilianzia kwa waganga wa jadi: mmea gani, unatibu nini, hutumika jani au mzizi, huchemshwa au hupondwa, hunywewa au hupakwa?

Maabara ilifuata. Kwa kawaida majani hukaushwa kivulini, husagwa na kulowekwa katika alkoholi, kisha alkoholi huvukizwa ibaki rojo nzito. Mwaka 2010 watafiti hao walichapisha matokeo ya kujaribu baadhi ya mimea ya Kagera kwa kamba wadogo mno wa maji ya chumvi. Wakifa kwa kiasi kidogo cha rojo, mmea una sumu ya kuangaliwa. Kipimo hicho ni cha bei nafuu, lakini hakisemi lolote kuhusu uvimbe.

Cha uvimbe kilielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1962. Panya hupewa dawa, kisha huchomwa wayoni sindano ya karagini, kitu kinachotolewa kwenye mwani, zao wanalolilima akina mama wa Unguja. Wayo huvimba kwa saa chache. Mtafiti huupima na kuulinganisha na wa panya waliopewa dawa ya dukani, na wa wale ambao hawakupewa dawa yoyote. Omubirizi nao umekwisha kupimwa dhidi ya uvimbe katika maabara za Nigeria.

Hapo ndipo penye kazi. Mganga akichemsha majani kwa maji, na maabara ikayaloweka kwa alkoholi, hizo ni dawa mbili tofauti, kwa kuwa alkoholi hutoa vitu ambavyo maji huviacha ndani ya jani. Wayo wa panya ukinywea, dawa ya mganga haijathibitishwa; usiponywea, haijakanushwa. Kwa hiyo thamani ya taarifa za Bugabo, Katoro na Kikuku haiko kwenye orodha ya majina ya mimea peke yake. Zimehifadhi pia namna ya kuandaa dawa, na anayetaka kupima uvimbe kwa haki hana budi kuanzia hapo.