Gari la Kale: Thamani Yake Ipo Katika Mwendo au Katika Makovu?

Ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani mjini Washington lipo gari jekundu lisilo na paa wala kioo cha mbele. Ni gari aina ya Winton la mwaka 1903. Injini yake ina silinda mbili na nguvu ya farasi ishirini tu, na magurudumu yake ya nyuma huzungushwa kwa mnyororo, kama baiskeli. Kwa mizani ya magari ya leo gari hilo ni dhaifu. Hata hivyo hilo ndilo gari la kwanza kuvuka bara la Amerika kutoka bahari hadi bahari.

Mwenye gari alikuwa Horatio Nelson Jackson, daktari kutoka jimbo la Vermont, ambaye aliweka dau la dola 50 kwamba safari hiyo inawezekana. Aliondoka San Francisco tarehe 23 Mei 1903 pamoja na fundi wake, Sewall Crocker. Njiani wakamchukua mbwa waliyemwita Bud, ambaye alivalishwa miwani ya kukinga vumbi kama wao. Matairi yalipasuka, vyuma vikavunjika, na mara kadhaa walilazimika kungoja vipuri viletwe kwa treni. Waliingia New York tarehe 26 Julai. Mwaka 1944 Jackson alilitoa gari lake kwa taasisi ya Smithsonian, na miwani ya Bud nayo imehifadhiwa huko.

Je, gari kama hilo lina thamani gani, na je, linaweza kuendeshwa? Kwa mnunuzi wa kawaida maswali hayo mawili ni swali moja, maana gari lisilotembea ni chuma chakavu. Kwa gari la miaka ya mwanzo mambo hugeuka. Mara nyingi kazi ya kulifanya litembee ndiyo inayolipunguzia thamani.

Mthamini makini haanzi na injini. Huanza na utambulisho: namba ya injini na ya chesisi, kibati cha kiwanda, hati za mauzo, picha za zamani. Anataka kujua kama vipande vilivyo mbele yake vilizaliwa pamoja au vilikusanywa kutoka katika magari matatu yaliyokufa. Tarehe nayo ina uzito wake. Mashindano maarufu ya Uingereza ya kutoka London hadi Brighton, ambayo kwa kweli si mashindano bali ni matembezi, hupokea magari yaliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1905. Gari likithibitishwa kuwa la mwisho wa 1904, mlango huo uko wazi. Likionekana ni la mwanzo wa 1905, mlango umefungwa na bei hushuka, ingawa chuma ni kilekile.

Baada ya hapo ndipo uchunguzi wa mwendo huanza. Magurudumu ya magari mengi ya wakati huo yalikuwa ya mbao, na mbao iliyokaa miaka mingi katika hewa kavu husinyaa, njiti zikalegea ndani ya rimu. Gari husimama vizuri likiwa limetulia, kisha gurudumu likavunjika kwenye kona ya kwanza. Beringi za injini hazikuwa za gololi. Zilikuwa madini laini yaliyoyeyushwa na kumiminwa mahali pake, na yakichakaa sharti yamiminwe upya na fundi anayeijua kazi hiyo, nao si wengi. Breki kwa kawaida zilikuwa za nyuma pekee. Dereva alirekebisha mwenyewe wakati wa cheche kwa mkono, na akikosea anapowasha injini kwa hendeli, hendeli ilirudi kwa nguvu na kumvunja mkono. Kwa hiyo gari laweza kuwa zima kabisa na bado lisiendesheke, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuliendesha.

Wapo wanaosema kwamba mashine isiyofanya kazi imekwisha kufa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Oili hushuka chini na kuacha vyuma vikiwa vikavu. Petroli iliyokaa huganda ndani ya kabureta. Kutu huanza pasipoonekana. Zaidi ya hayo, sauti, harufu na mtikisiko ni sehemu ya historia ambayo kioo cha makumbusho hakiwezi kuionyesha. Washington yenyewe imewahi kushuhudia hoja hiyo ikijaribiwa, si kwa gari bali kwa garimoshi. John Bull, injini ya mvuke iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1831, ilikuwa mali ya Smithsonian tangu karne ya 19. Ilipokaribia kutimiza miaka 150, wataalamu wa makumbusho waliipima boila yake kwa vyombo vya kisasa, wakaijaribu kwa uangalifu, na tarehe 15 Septemba 1981 ikatembea tena kwa mvuke wake katika reli ya Georgetown, kando ya mto Potomac. Umuhimu wa siku ile haukuwa moshi tu. Uamuzi ulifuata vipimo; haukufuata hamu ya watazamaji.

Gari la ndugu Duryea, Charles na Frank, ni kesi nyingine. Walinunua kigari cha farasi kilichokwisha kutumika kwa dola 70, wakakifunga injini ya silinda moja, na mwezi Septemba 1893 kikatembea katika barabara ya Springfield, Massachusetts. Smithsonian ilikipata mwaka 1920. Baadaye ndugu hao walibishana vikali juu ya nani hasa alibuni nini. Watu wanapobishana namna hiyo, chuma chenyewe huwa shahidi: tundu lililotobolewa na kuachwa, alama ya tupa, boliti isiyolingana na mwenzake. Fundi akikiondoa kipande hicho na kuweka kipya kinachong'aa ili gari litembee mita mia moja mbele ya kamera, shahidi huyo amenyamazishwa.

Kwa upande mwingine, Ford aina ya T ilitengenezwa kwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Kulifungia gari la namna hiyo katika banda ni ubahili. Sheria ya jimbo la Virginia, ng'ambo tu ya Potomac, inaruhusu gari lililofikisha miaka 25 kupewa namba maalumu za magari ya kale, liende kwenye maonyesho au matembezi ya kujiburudisha yasiyozidi maili 250 kutoka nyumbani, mradi lisigeuzwe kuwa usafiri wa kila siku. Ni sheria yenye busara, na wenye magari wanaitumia: kila Oktoba mji wa Rockville, katika jimbo jirani la Maryland, huandaa maonyesho ya magari ya kale.

Ladha ya waamuzi wa maonyesho nayo imebadilika. Chama cha magari ya kale cha AACA, kilichoanzishwa mwaka 1935 na chenye makao yake Hershey, Pennsylvania, hutoa alama hadi 400 kwa gari lililorudishwa katika hali ya siku lilipotoka kwa muuzaji. Kwa miaka mingi hiyo ilimaanisha rangi mpya na shaba inayometameta. Lakini chama hicho kina pia kundi la magari ambayo hayajarekebishwa, ambako rangi iliyopasuka na ngozi ya kiti iliyochanika huhesabiwa kuwa hazina. Rangi hupakwa mara nyingi upendavyo. Ile ya kwanza hupakwa mara moja tu.

Afrika Mashariki ina safari yake ya kulinganisha na ya Jackson. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari aina ya Gaggenau, akanuia kulivuka bara hadi Swakopmund, ambayo leo imo katika nchi ya Namibia. Alifika tarehe 1 Mei 1909, siku 630 baadaye, mara kumi ya muda wa Jackson. Fikiria gari lile lingepelekwa mbele ya mthamini siku ile ya kufika. Kwa mizani ya mwendo lilikuwa limechoka kupita kiasi. Lakini kila bati lililopinda lilikuwa ukurasa wa safari, na fundi mwenye nia njema angeweza kuufuta kwa nyundo katika alasiri moja.

Ipo njia ya tatu, na Washington ndipo inapofuatwa. Tangu 2014, magari machache yenye uzito wa kihistoria yamekuwa yakipimwa, kupigwa picha na kuandikiwa maelezo kamili, na kumbukumbu hizo kuwekwa katika Maktaba ya Bunge. Mojawapo ni gari la mvuke la White la mwaka 1909, lililomtumikia Rais William Howard Taft baada ya Bunge kuidhinisha dola 12,000 za magari ya Ikulu. Yasemekana Taft alilipenda kwa sababu wingu la mvuke lilimficha na wapiga picha. Mwaka 2016 gari hilo lilionyeshwa katika uwanja wa National Mall, ndani ya sanduku la kioo. Kwa vipimo kama hivyo, anayetamani kusikia mngurumo anaweza kujitengenezea nakala, akaivunja njiani na kuitengeneza tena, huku gari lenyewe likibaki na kutu yake.