Kukariri Istilahi: Funzo la Neno "Ujamaa"

Wako walimu wakatazao kukariri neno. Kanuni hiyo yafaa katika insha. Katika istilahi yaweza kupotosha. Tutazame neno ujamaa. Asili yake ni uhusiano wa watu wa jamaa moja. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alilivika maana ya siasa, na Azimio la Arusha la 1967 likalieneza. Likakaririwa redioni, shuleni na maofisini bila kubadilishwa, likakita mizizi. Lakini wananchi walipohamishiwa vijijini, miaka ya 1973 hadi 1976, wako waliolielewa kuwa ni kuhamishwa tu. Kumbe kukariri hueneza neno, hakulindi maana yake. Basi tunashauri: dhana moja ipewe istilahi moja, ikaririwe bila haya, na ipewapo kazi mpya, ifafanuliwe upya.