Neno la Nicaea

Husemwa mara nyingi, hata na watu waliosoma, kwamba Uungu wa Masihi ulibuniwa na maaskofu waliokusanyika Nicaea mwaka wa 325. Mpaka siku ile, yadaiwa, Wakristo walimjua Yesu kuwa mwalimu au nabii tu. Kisha Kaisari Constantine akataka awe Mungu, kura zikapigwa, akawa. Habari hii ni nyepesi kukumbuka, na labda ndiyo sababu ya kuenea kwake, lakini haipatani na ushahidi. Ubishi wa Nicaea haukuwa kati ya waliomwabudu Masihi na wasiomwabudu. Pande zote mbili zilimwomba, zikabatiza kwa jina lake, na zote mbili zilimwita Mungu. Kilichobishaniwa ni maana ya jina hilo lipewapo Mwana, na kama maana hiyo ni ile ile lipewapo Baba.

Kiasi cha mwaka wa 112, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mkutano huo, liwali wa Kirumi aliyeitwa Plinius alimwandikia Kaisari Trajan kutaka shauri juu ya Wakristo waliokuwa wakishtakiwa mbele yake. Alikuwa amewahoji, na wanawake wawili watumwa waliokuwa na huduma katika kanisa amewatesa ili waseme kweli. Jambo alilolipata ni kwamba watu hao hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kwa kupokezana kana kwamba wanamwimbia mungu. Shahidi huyu hakuwa rafiki, wala hakuwa na haja ya kuikuza imani aliyoiita ushirikina. Jimbo alilolitawala lilikuwa Bithynia, na Nicaea ulikuwa mmoja wa miji ya jimbo hilo. Kabla yake Paulo, katika waraka wake kwa Wafilipi, alikwisha kunena juu ya mmoja aliyekuwa katika hali ya Mungu, akajinyenyekeza hata mauti. Na mwaka wa 2005, katika uchimbaji uliofanywa ndani ya gereza huko Megiddo, nchini Israeli, ilionekana sakafu ya vijiwe vya rangi ambayo wachimbaji waliikadiria kuwa ya karne ya tatu. Juu yake pameandikwa kwa Kiyunani kwamba mwanamke mmoja, Akeptous, ametoa meza kwa Mungu Yesu Kristo iwe ukumbusho. Akeptous hakungoja maaskofu.

Ni kweli hata hivyo kwamba imani hiyo ilikuwa haijaelezwa. Wakristo walirithi kwa Wayahudi sharti la kumkiri Mungu mmoja, na papo hapo wakamsujudia Masihi. Wengine walisema kwamba Baba na Mwana ni majina mawili ya nafsi moja. Wengine kwamba Yesu alikuwa mwanadamu aliyefanywa mwana kwa neema. Origen wa Alexandria, mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa karne ya tatu, alifundisha kwamba Mwana anazaliwa na Baba milele, lakini akamweka daraja ya chini yake. Kwa miaka mingi sala ilitangulia, na maelezo yakafuata nyuma yakichechemea.

Ubishi wenyewe uliwaka Alexandria, katika Misri, kiasi cha mwaka wa 318. Mji ule ulikuwa bandari ya nafaka na soko la elimu, na makasisi wake walifundisha kila mmoja katika kanisa la mtaa wake. Mmoja wao alikuwa Arius, ambaye yasemwa asili yake ilikuwa Libya. Mtu mrefu, mwenye maisha ya kujinyima, msemaji mzuri, ambaye ujana wake ulikuwa umekwisha kupita. Aliyasikia mafundisho ya Askofu Alexander kwamba Mwana ni wa milele pamoja na Baba, akayapinga. Hoja yake ilikuwa fupi. Baba hana mwanzo, Mwana amezaliwa, aliyezaliwa ana mwanzo, basi kulikuwa na hali ambayo Mwana hakuwako. Alijihadhari asiseme wakati, maana kwake Mwana alifanywa kabla ya nyakati zote na aliwapita viumbe wote. Lakini alifanywa, tena si kutoka katika asili ya Baba bali pasipo kitu. Akaleta Mithali mlango wa 8, ambamo Hekima, iliyofasiriwa na wote kuwa ni Masihi, yasema katika tafsiri ya Kiyunani kwamba Bwana aliiumba. Kitenzi cha Kiebrania mahali pale chaweza pia kuwa na maana ya kupata au kumiliki, lakini mabishano yalifanywa kwa Kiyunani, na waliojua Kiebrania walikuwa wachache mno.

Si haki kumdharau mtu huyu kama walivyomdharau adui zake. Alichokilinda kilikuwa kitu kikubwa: umoja wa Mungu asiyegawanyika, asiyebadilika wala kuumia. Injili zasema kwamba Yesu aliona njaa, alichoka, alilia, hakuijua saa ya mwisho, alikufa. Mambo hayo yawezaje kunenwa juu ya Mungu? Arius alijibu kwamba aliyepatwa nayo ni Mwana, na Mwana si Mungu kwa maana kamili ya jina. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyekua akisikia adhana na kengele katika mtaa mmoja, atasikia katika hoja hii kitu anachokijua. Lakini ni kosa kumfanya Arius mtangulizi wa Uislamu. Uislamu humheshimu Masihi mwana wa Mariamu kuwa mtume, wala haumwabudu. Arius alimwabudu, akamkiri kuwa ndiye ambaye Baba aliumba ulimwengu kwa mkono wake. Hapo ndipo udhaifu wa fundisho lake ulipojificha.

Aliyeufichua vizuri kuliko wote ni Athanasius, ambaye siku zile alikuwa shemasi tu wa Askofu Alexander. Kama Mwana ni kiumbe, alisema, basi Wakristo wanasujudia kiumbe, na hawana haki ya kuwacheka wapagani. Tena kama ni kiumbe hawezi kuokoa, kwa kuwa kiumbe hakiwezi kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu. Nacho chahitaji kuunganishwa. Hivi ubishi haukuwa juu ya heshima ya jina. Ulikuwa juu ya swali kama mtu aliyebatizwa amefikiwa na Mungu mwenyewe, au amefikiwa na mjumbe wake.

Alexander aliita maaskofu wa Misri na Libya wapatao mia, nao wakamtenga Arius. Yeye akakimbilia kwa rafiki zake wa Mashariki, hasa Eusebius, askofu wa Nicomedia, mji wa makao ya kaisari. Alitunga kitabu chenye beti kiitwacho Thalia, na mwandishi Philostorgius ataja pia nyimbo alizowatungia mabaharia, wasagaji na wasafiri. Mafundisho yaliyotiwa katika wimbo wa wanamaji husafiri mbali kuliko barua ya askofu, na kwa muda mfupi bandari zote za Mashariki zilikuwa zikibishana.

Constantine aliyakuta mambo haya mwaka wa 324, alipomshinda Licinius na kuwa mtawala peke yake wa dola nzima. Alimpa Ossius, askofu wa Cordoba, barua kwa Alexander na Arius pamoja, akiwasihi wapatane, kwa kuwa jambo wanalogombea ni dogo wala halistahili makelele. Barua hiyo yatosha kuonyesha kwamba kaisari hakuwa mbunifu wa fundisho lolote. Alitaka amani, kama mwenye nyumba atakavyo wapangaji wake wanyamaze. Amani isipopatikana, aliwaita maaskofu Nicaea, mji ambao leo ni Iznik katika Uturuki.

Walifika kiasi cha mia tatu; mapokeo yalichagua hesabu ya 318, ambayo ni hesabu ya watumishi wa Ibrahimu katika Mwanzo. Kutoka Magharibi walikuja wachache, na askofu wa Roma alituma makasisi wawili. Miongoni mwao walikuwapo walioingia na alama za mateso ya miaka michache tu iliyopita: Paulo wa Neocaesarea, ambaye mikono yake ililemazwa kwa chuma cha moto, na kwa mapokeo Paphnutius wa Misri aliyetolewa jicho. Watu hao, ambao dola ilikuwa imewachoma, sasa walisafirishwa kwa wanyama wa serikali na kumtazama kaisari akiingia katika mavazi ya zambarau na dhahabu. Ni vigumu kukadiria jinsi badiliko hilo lilivyowaelemea.

Athanasius asimulia kwamba maaskofu walitaka kwanza kutumia maneno ya Maandiko peke yake. Waliposema kwamba Mwana ametoka kwa Mungu, wafuasi wa Arius walikonyezana, wakakubali, kwa sababu vitu vyote vimetoka kwa Mungu. Waliposema kwamba yeye ni mfano wa Baba, walikubali tena, kwa sababu mwanadamu naye aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Kila tamko la Maandiko lilipita kama maji katika chujio. Ndipo likaletwa neno la Kiyunani lisilokuwamo katika Biblia, homoousios, kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Neno ambalo Wakatoliki wasalio kwa Kiswahili walipata kulitamka katika Kanuni ya Imani kuwa umungu mmoja. Lilichaguliwa kwa sababu ndilo ambalo Arius hakuweza kulimeza. Wengi waliotia sahihi hawakulipenda, kwa kuwa lilikuwa na harufu ya ule uzushi wa majina mawili ya nafsi moja, tena yasemwa lilikwisha kukataliwa Antiokia mwaka wa 268. Lakini kaisari alilitaka. Maaskofu wawili tu, Secundus na Theonas, wote wa Libya, walikataa mpaka mwisho, wakahamishwa pamoja na Arius.

Kama imani hii ingalikuwa kazi ya kaisari, habari ingalikwisha hapo. Haikwisha. Constantine hakukaa miaka mingi kabla ya kumrudisha Arius na Eusebius, na Eusebius huyo ndiye aliyembatiza kaisari kabla ya kufa kwake mwaka wa 337. Athanasius, aliyerithi kiti cha Alexandria mwaka wa 328, alishtakiwa Tiro mwaka wa 335 kwamba amemwua askofu aitwaye Arsenius na kuukata mkono wake kwa uchawi. Akamleta Arsenius barazani akiwa hai, akaonyesha mkono mmoja, kisha wa pili. Shtaka lililomshinda lilikuwa jingine, kwamba ametisha kuzuia nafaka ya Misri isipelekwe Constantinople, na kwa hilo alipelekwa Trier, mpakani mwa dola. Hakuwa mtu mpole. Barua ya mafunjo ya mwaka huo, iliyohifadhiwa London, yaeleza jinsi watu wa upande wake walivyowapiga wapinzani wao. Lakini alihamishwa mara tano na makaisari wanne, miaka kiasi cha 17 kwa jumla, na mara mbili alijificha kwa watawa wa jangwani.

Constantius, mwana wa Constantine, alilichukia neno la Nicaea, na mkono wake ulifika hata nje ya dola. Athanasius alikuwa amemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksum, katika Uhabeshi. Kiasi cha mwaka wa 356 Constantius aliwaandikia wafalme Ezana na Sazana wamrudishe Frumentius Alexandria, akahojiwe imani yake na askofu mpya aliyewekwa na serikali. Athanasius aliipata nakala ya barua hiyo akaihifadhi katika maandishi yake. Hakuna dalili kwamba Ezana aliitii. Sarafu zake, zilizokuwa na mwezi mwandamo, zilikwisha kuwekwa msalaba, na Frumentius hukumbukwa na Wahabeshi mpaka leo kwa jina la Abba Salama.

Mwaka wa 359, katika mitaguso ya Ariminum na Seleucia, Constantius aliwashurutisha maaskofu walitupe neno asili kabisa, wabaki na kusema tu kwamba Mwana ni mfano wa Baba. Kundi jingine lilikuwa limependekeza homoiousios, yaani wa asili ifananayo, na mwanahistoria Gibbon alifanya mzaha juu ya ulimwengu kugombana kwa ajili ya herufi moja. Msemaji wa Kiswahili, ambaye kwake herufi moja ndiyo itengayo kufa na kufaa, hana haja ya kucheka. Athanasius naye hakucheka. Katika mtaguso mdogo wa Alexandria mwaka wa 362 alikubali kwamba wengi wa hao waliosema ifananayo waliamini alichokiamini yeye, na kwamba waliosema nafsi tatu na waliosema asili moja waliweza kuwa na maana zisizopingana. Kazi hiyo ilikamilishwa na Basil, Gregory ndugu yake, na Gregory wa Nazianzus. Huyo ndugu yake Basil asimulia kwamba Constantinople ilijaa ubishi hata mtu akiuliza bei ya mkate huambiwa kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana.

Athanasius alikufa mwaka wa 373, na ushindi hakuuona. Ulikuja na kaisari mwingine, Theodosius, kwa amri yake ya mwaka wa 380 na mtaguso wa Constantinople wa mwaka wa 381. Wala haifai kuficha kwamba dola iliyokuwa ikiwafukuza watu wa Nicaea sasa iliwafukuza wapinzani wao makanisani. Wapinzani hao hawakutoweka. Wulfila, aliyewekwa kuwa askofu na yule Eusebius wa Nicomedia, alikuwa amewapa Wagothi alfabeti na Biblia katika lugha yao, na pamoja nayo imani kwamba Mwana ni mdogo kwa Baba. Wagothi waliishika imani hiyo hata walipoiteka Roma mwaka wa 410, na walipoitawala Hispania. Na neno la Nicaea halikutamkwa na mfalme wao mpaka mwaka wa 589, Reccared alipolikiri mbele ya maaskofu huko Toledo.