Tiba ya nafsi kwa wenye maumivu sugu ya mgongo

Tiba ya nafsi ni matibabu ya mazungumzo na mazoezi ya mwenendo, wapewayo, miongoni mwa wengine, wale ambao maumivu ya mgongo yamewadumu zaidi ya miezi 3 hata yakawazalia sonona, yaani jitimai isiyobanduka. Aghalabu mgonjwa, kwa kuhofu kuumia, huacha kuinama, kisha huacha kwenda sokoni, na mwishowe huacha hata kupokea wageni. Mwili ukalegea, na moyo ukazidi kudidimia. Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, ambaye kitabu chake juu ya mambo haya kilitoka mwaka 1976, aliagiza dawa itolewe kwa saa maalumu, wala si kila mgonjwa augulapo, na matembezi yakome kwa kadiri iliyowekwa tangu awali, si pale maumivu yaanzapo. Njia ya Aaron Beck wa Philadelphia, iliyoasisiwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya sonona, humfundisha mgonjwa kuipima dhana kama ile ya kwamba hana faida tena kwa watu wake. Katika tiba hii hakuna asemaye, kama wadhaniavyo baadhi ya wagonjwa kwa uchungu, kwamba maumivu yao ni ya kubuni. Nafuu ya maumivu yenyewe aghalabu huwa haba.