Kabla ya kufunga safari ya Kibuyuni, tazama upepo na mwezi

MGENI anayefika Kibuyuni siku za maji mafu huona bahari tulivu iliyofunika kila kitu, na kina mama wamekaa kivulini wakitengeneza kamba. Akirudi pale pale baada ya wiki moja, hukuta maji yamepwa hadi mbali, mistari ya vigingi imejitokeza, na wanawake wameinama katika maji ya magotini wakifunga na kuvuna mwani. Kilichobadilika ni mwezi wa angani tu.

Kibuyuni ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani karibu na Shimoni, kusini mwa Kaunti ya Kwale, si mbali na mpaka wa Tanzania. Hakina majumba ya kitalii kama yale ya Diani. Kinachowavuta wageni ni mashamba ya mwani, mapishi na sabuni za mwani zinazotengenezwa na kina mama, pamoja na ujirani wake na kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Mtu aliyekosea majira huko Diani anaweza kujifariji kando ya bwawa la kuogelea. Huku kusini, aliyekosea majira amekosa safari yenyewe.

Vitabu vya kuwaongoza watalii hugawa mwaka wa pwani kwa njia rahisi: Desemba hadi Machi ni wakati mzuri, Aprili hadi Juni ni wakati mbaya, na miezi iliyosalia iko katikati. Mgawanyo huo una ukweli ndani yake, lakini ulipangwa zaidi kwa kufuata baridi ya Ulaya kuliko hali ya Kwale. Mtu wa London au Berlin hukimbia theluji mwezi Januari, ndipo hoteli zikajaa na bei zikapanda. Mkazi wa Nairobi, Arusha au Muscat hana theluji ya kukimbia, wala hana sababu ya kulipia baridi ya mwenzake.

Kalenda ya wenyeji ni ya pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki tangu mwishoni mwa Novemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na mzamiaji wa Kisite huyaona matumbawe na samaki bila taabu. Ndio wakati ambapo wavuvi wa Pemba wamezoea kuvuka mkondo kwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi upande wa Kenya, zikiwemo Shimoni na Vanga. Ni wakati wa maembe na korosho pia. Ila joto lake si la mchezo: Februari na Machi vipimo hupita nyuzi 30 mchana, na usiku hauleti nafuu kubwa.

Kusi huanza kushika Aprili na huendelea hadi Septemba au Oktoba, kikivuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Hewa hupoa, mawimbi huinuka nje ya miamba, na kuna siku manahodha wa Shimoni hukataa kabisa kutoka. Mgeni anayemsihi nahodha avuke siku kama hiyo kwa kuwa amekwisha kulipa nauli ya ndege hafanyi jambo la busara. Tiketi ya ndege haitulizi bahari.

Upepo huu ni msafiri wa mbali, na anayepanga ziara za nchi nyingine katika Bahari ya Hindi atafaidika akiufuata. Ukishavuka ikweta, kusi hugeuka na kuvuma kutoka kusini magharibi, ukabeba mvua hadi India, ambako Kerala huanza kunyeshewa karibu na mwanzo wa Juni. Ukingo wake hugusa milima ya Dhofar, kusini mwa Oman, na kuleta manyunyu na ukungu wa majira ya Khareef. Ndiyo maana Salalah hugeuka kijani kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba, wakati Muscat ikichomwa na joto la nyuzi 40 na zaidi. Waswahili wa Oman wanaokuja kuona jamaa zao Kenya na Zanzibar katika likizo ya watoto, Julai na Agosti, huikuta pwani ikiwa na baridi kidogo kuliko miezi yote. Anayetoka Mombasa kwenda Muscat au Dubai afanye kinyume chake: asubiri Novemba hadi Machi.

Turudi Kibuyuni, kwani hapo ndipo kusi huonyesha uso wake wa pili. Upepo uleule unaomfungia nahodha kazi huyapoza maji, na mwani hustawi katika maji ya baridi kuliko katika joto la kaskazi. Mbegu, ambazo ni vipande vya mwani wenyewe, hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi huwa tayari kuvunwa. Maji yakipata joto kupita kiasi, hasa kwa aina iitwayo cottonii, mwani hupauka, ukaoza na kukatika. Wakulima wa Zanzibar, walioanza kilimo hiki mwaka wa 1989, wamepata hasara kubwa kwa njia hiyo.

Basi Julai hadi Septemba ni miezi mizuri ya kuona kilimo hiki kikiwa na nguvu, ijapokuwa ni miezi migumu ya kuvuka kwenda Kisite. Kuna na zawadi nyingine katika kipindi hicho. Nyangumi wenye nundu, wanaotoka katika bahari za barafu za kusini kuja kuzaa na kulea kwenye maji ya joto, hupita pwani ya Kenya kati ya Julai na Oktoba, na mashua za Shimoni na Diani huwapeleka watu kuwatazama. Pomboo wa Kisite hawana majira; huonekana mwaka mzima.

Mvua ya masika ndiyo inayostahili kuogopwa, na Mei ndiyo kilele chake. Mwani uliovunwa hauwezi kuanikwa ukakauka vyema, barabara za vijijini hujaa matope, na mto Ramisi huvimba. Baadhi ya hoteli za Diani hufunga milango kwa ukarabati na vibarua hurudishwa nyumbani bila mshahara. Hata hivyo, mtu asiyetaka zaidi ya ukimya na chumba cha bei nafuu atavipata wakati huo, na shilingi atakayoitumia itamfaa mwenyeji kuliko shilingi ile ile mwezi wa Desemba. Vuli, za Oktoba hadi Desemba, ni nyepesi na mara nyingi hunyesha kisha jua likatoka siku hiyo hiyo.

Yako pia mambo yasiyotokana na hali ya hewa. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Kuanzia 2026 hadi 2029 unaangukia ndani ya kaskazi, na mwaka wa 2030 utaanza mara mbili, Januari na Desemba. Katika vijiji vya Shimoni, Wasini na Kibuyuni, mgeni wa wakati huo asitarajie mkahawa wa mchana, lakini jioni atakula vizuri kuliko miezi mingine yote. Uchaguzi mkuu wa Kenya nao hufanyika Agosti kila baada ya miaka mitano, na ujao ni wa 2027. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaondoa watalii wakati kaskazi imekolea, na ilichukua muda mrefu hoteli za pwani kujaa tena.

Baada ya kuchagua mwezi, bado kuna kuchagua siku. Bamvua huja siku chache zinazofuata mwandamo wa mwezi na mwezi mpevu; tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku inayofuata. Hiyo saa nne ndiyo mkulima wa mwani anayoingojea. Ndiyo pia inayomkasirisha mgeni wa Diani aliyeamka akitaka kuogelea, akakuta bahari imekwenda zake hadi kwenye mwamba. Huyu wa pili angechagua siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, ambapo maji hujaa kati ya asubuhi na adhuhuri na hayaendi mbali yakipwa.

Kwa anayetaka vyote viwili, mashamba ya mwani na mashua ya Kisite, kipindi cha tanga mbili baada ya kusi kulegea, yaani Oktoba na mwanzo wa Novemba, ndicho chenye nafasi nzuri. Bahari huwa imeanza kutulia, joto kali halijafika, na umati wa Krismasi bado. Achague wiki ya bamvua, alale Shimoni au Wasini usiku wa kuamkia, kwa sababu anayetoka Mombasa asubuhi kupitia kivuko cha Likoni huenda akafika Kibuyuni maji yakirudi na kina mama wakipanda ufuoni na magunia yao.