Ulishaji wa mtoto mchanga wa mama mwenye VVU

Ulishaji wa mtoto mchanga wa mama mwenye VVU ni sehemu ya huduma za kuzuia maambukizi ya Virusi Vya UKIMWI (VVU) kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Unahusu maziwa anayopewa mtoto, dawa anazotumia yeye na mama yake, na vipimo anavyofanyiwa hadi ijulikane kwamba hana maambukizi.

Nchini Tanzania mama mwenye VVU hushauriwa kumnyonyesha mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6 ya kwanza, huku akimeza dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV) kila siku. Ushauri huo haukuwa hivyo tangu mwanzo. Akina mama wa Moshi na wa vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro ni kati ya wale walioupata ulipokuwa bado unabadilika.

Jinsi mtoto anavyoambukizwa

Mtoto anaweza kuambukizwa akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Pasipo dawa wala huduma nyingine, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU huambukizwa 15 hadi 45. Maana yake ni kwamba hata pasipo dawa walio wengi hawakuambukizwa. Huduma zote zikitolewa, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Wakati wa kunyonyesha hatari huongezeka:
- mama asipotumia ARV, au anapozitumia kwa kurukaruka;
- mama akiambukizwa VVU katika kipindi hichohicho cha kunyonyesha;
- chuchu zikiwa na michubuko, au titi likiwa na uvimbe au jipu;
- mtoto akiwa na vidonda au utando mweupe mdomoni;
- mtoto akichanganyiwa vyakula kabla ya miezi 6.

Hatari ya kuchanganya

Jambo hili la mwisho huwashangaza wengi, kwa sababu maji au uji havina virusi. Lakini utumbo wa mtoto mchanga ni laini. Vyakula vingine na vijidudu vinavyoingia navyo huujeruhi, na virusi vilivyomo katika maziwa ya mama hupata pa kupenya. Utafiti uliofanyika Durban, Afrika Kusini, na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto walionyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 3 waliambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko waliochanganyiwa.

Maziwa ya mama pekee maana yake ni kwamba mtoto hapewi maji, maziwa ya ng'ombe, uji, mtori wala dawa za kienyeji. Dawa alizoandikiwa hospitalini anapewa.

Historia katika eneo la Moshi

Mwaka 1999 utafiti wa Uganda ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na moja kwa mtoto, hupunguza maambukizi karibu nusu. Mwaka 2000 Tanzania ilianza huduma hizo kwa majaribio katika hospitali chache, mojawapo ikiwa Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi.

Wakati huo mama alielezwa njia mbalimbali kisha akatakiwa kuchagua: maziwa ya kopo, maziwa ya ng'ombe, au kunyonyesha pekee na kuachisha mapema. Maziwa ya kopo yalikuwa ghali. Ya ng'ombe yalipatikana katika vihamba vingi, lakini kuyaandaa kulihitaji maji safi, kuni, sukari na vipimo sahihi usiku na mchana.

Ugumu mwingine ulikuwa nyumbani. Kwa desturi ya Wachagga mzazi hukaa ndani kwa miezi kama 3, akitunzwa hasa na mama mkwe na kupewa mtori, maziwa na nyama ili apate nguvu na maziwa yatoke. Mzazi anayelishwa hivyo, kisha hamnyonyeshi mtoto, huulizwa sababu. Watafiti Sebalda Leshabari, Astrid Blystad na Karen Marie Moland walieleza mwaka 2007 shida za akina mama wa eneo hili: walioacha kunyonyesha walishukiwa, na walionyonyesha pekee walishinikizwa kumwongezea mtoto chakula.

Mwaka 2006 Botswana ilikumbwa na mlipuko wa kuhara baada ya mvua kubwa, na watoto waliokufa walikuwa hasa wale wasionyonya. Ilidhihirika kwamba kumkinga mtoto na VVU kwa kumnyima titi kunaweza kumuua kwa maradhi mengine. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kunyonyesha chini ya kinga ya ARV hadi miezi 12, na mwaka 2016 likaongeza hadi miezi 24 au zaidi. Tangu mwaka 2013 Tanzania imefuata utaratibu wa kumwanzishia ARV za maisha kila mjamzito au anayenyonyesha mwenye VVU.

Huduma kwa mama na mtoto

Mama humeza ARV bila kukosa na hupimwa wingi wa virusi katika damu. Titi likiwa na jidonda au jipu, mtoto hunyonyeshwa lile zima. Lenye tatizo hukamuliwa, maziwa yake humwagwa, na mama huenda kutibiwa mapema.

Mtoto huanzishiwa nevirapini mara anapozaliwa, kwa wiki 6. Mama akiwa amechelewa kuanza ARV, mtoto hupewa dawa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6 hupewa pia kotrimoksazoli (septrini) hadi ithibitike kwamba hana VVU. Chanjo hufuata ratiba ya kawaida.

Baada ya miezi 6 mtoto huanza chakula cha nyongeza, kama uji, mtori, mboga na mayai, huku akiendelea kunyonya. Kuachisha kufanyike polepole, kwa muda wa kama mwezi mmoja, si kwa siku moja.

Mama asipoweza kabisa kunyonyesha, au akifariki, mtoto hulishwa maziwa mbadala kwa kikombe kisafi. Chupa ni ngumu kusafisha. Walezi wapate maelekezo ya kliniki kuhusu vipimo.

Vipimo vya mtoto

Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, na mtoto huzaliwa nazo kutoka kwa mama. Kwa hiyo kabla ya miezi 18 majibu yake hayathibitishi kwamba mtoto ameambukizwa. Hutumika kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, kwa matone ya damu kutoka kisiginoni, kati ya wiki ya 4 na ya 6. Jibu zuri hapo si la mwisho maadamu mtoto bado ananyonya: hupimwa tena baadaye, na pia baada ya kuacha kunyonya. Akikutwa na VVU huanzishiwa matibabu mara moja, kwa kuwa wasiotibiwa wengi hufa kabla ya kutimiza miaka 2.

Familia na siri

Sheria ya mwaka 2008 kuhusu UKIMWI inataka majibu ya kipimo yawe siri. Hata hivyo mama anayemeza dawa kwa kujificha hukosa dozi kwa urahisi. Baba anayepima pamoja na mwenzake na kujua hali yake anaweza kumkumbusha dawa, na kuwaeleza wazee kwamba mtoto hapewi maji wala mtori kabla ya miezi 6. Kwa kuwa kliniki hushauri hivyohivyo kwa kila mzazi, mwenye VVU na asiye nayo, maelezo hayo hayafichui siri ya mama.

Tazama pia
- UKIMWI
- Unyonyeshaji
- Mkoa wa Kilimanjaro
- Wachagga