Uniti Moja ya Umeme ni Kitu Gani Hasa?

Mtu akinunua luku (umeme wa kulipia kabla) ya elfu tano kwa simu, ujumbe unaorudi huja na tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, makato ya kodi, na namba iliyofuatwa na herufi tatu: kWh. Tanzania herufi hizo husomwa kwa neno moja tu, uniti. Kenya, ambako kinachonunuliwa ni tokeni za stima, kipimo ni hichohicho. Neno lenyewe ni fupi, limeshakaa mdomoni, na halina kosa. Tabu huanza pale mtu anapoulizwa uniti ni nini, maana jibu linalotolewa mara nyingi ni "kilowati moja kwa saa".

Hiyo "kwa" ndiyo inayoharibu. Mswahili akisikia kilomita 60 kwa saa anaelewa kasi. Akisikia shilingi 3,000 kwa kilo anaelewa bei. Zote mbili ni hesabu za kugawanya. Kumbe kWh ni hesabu ya kuzidisha: kilowati mara saa. Istilahi inayobeba maana hiyo ni kilowati-saa, maneno mawili yaliyofungwa kwa kistari. Fundi ujenzi anaijua hesabu ya aina hii bila kuiita fizikia: vibarua watano wakifanya kazi siku mbili, au wawili wakifanya siku tano, malipo ni ya siku kumi za kibarua.

Wati, iliyopewa jina la mhandisi wa Skotilandi James Watt, hueleza chombo kinakula umeme kwa ukali gani wakati kinapowaka. Haisemi kimekula kiasi gani. Pasi ya wati 1,000 ni ya wati 1,000 ikiwaka dakika moja au saa nzima. Mita haiuzi wati tupu, inauza wati pamoja na muda wake. Wati 1,000, yaani kilowati moja, zikiwaka saa moja, uniti imekwenda. Wati 100 zikiwaka saa kumi, imekwenda uniti ileile. Wanafizikia huihesabu kuwa jouli milioni 3.6, lakini hakuna wakala wa luku anayeuza jouli.

Kwa kuwa macho ya watu yako kwenye wati na si kwenye saa, lawama nyumbani hupelekwa kusikostahili. Birika la umeme linaogopwa kwa sababu chini yake pameandikwa wati 2,000. Ila kuchemsha lita moja ya maji hulichukua dakika tatu hivi, na kazi yote hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti. King'amuzi kilicho chini ya runinga hakimtishi mtu. Baadhi ya ving'amuzi hula karibu kiasi kilekile hata vikizimwa kwa rimoti, na kimoja cha wati 12 kinachoachwa hivyo usiku na mchana, siku 30, humaliza uniti 8.64. Hizo zingechemsha lita 80 za maji na zaidi. Dawa ni swichi ya ukutani.

Kwenye taa hakuna mjadala. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi; ya LED ya wati 9 hula 1.35.

Friji ndiyo inayotatiza, kwa sababu haifuati kibandiko chake. Injini huwaka, ikapoza, ikazima, ikapumzika, kisha ikaanza tena, kwa hiyo kuzidisha wati za kibandiko kwa saa 24 hutoa jibu kubwa mno. Friji ndogo iliyo nzima mara nyingi hucheza karibu na uniti moja kwa siku, ikipanda kwenye joto la Dar es Salaam la Januari, ikipanda zaidi kama imebanwa ukutani au imewekewa sufuria ya mchuzi iliyotoka jikoni sasa hivi. Mpira wa mlango nao hupimwa kwa noti: inabanwa mlangoni, kisha inavutwa. Ikitoka bila kukwama, baridi nayo inatokea hapohapo.

Kwa asiyetaka kukisia, mita nyingi zina kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh au namba nyingine. Namba hiyo ni idadi ya mipepeso inayomaliza uniti moja. Kwenye mita ya 1,000, kila mpepeso ni wati-saa moja. Vitu vyote vizimwe isipokuwa friji, isubiriwe hadi injini ingurume, kisha mipepeso ihesabiwe kwa dakika: mipepeso miwili kila dakika ni wati 120. Pasi ikichomekwa, mipepeso 20 kwa dakika ni wati 1,200. Vyote vikizimwa na kitaa kikaendelea kupepesa, kuna chombo kilichosahauliwa. Au kuna jirani.

Hesabu hizi zina uzito kwa sababu ya ngazi za bei. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye kundi la D1, la matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, na 350 kwa kila inayozidi. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa 292 tangu uniti ya kwanza. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, elfu tano humpa wa D1 uniti 41 kasoro kidogo, na wa T1 uniti 14. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humohumo, ndiyo maana luku ya kwanza ya mwezi huweza kuja pungufu na mpangaji akadhani mita imeharibika.

Uniti 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku. Friji moja, 1. Feni ya wati 60 kwa saa nane, 0.48, runinga ya wati 50 kwa saa tano, 0.25, king'amuzi kisichozimwa, 0.29; taa nne za LED kwa saa tano, 0.18. Imeshafika 2.2, na hakuna aliyepiga pasi wala kuchemsha chai. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa moja, ukomo umevunjwa siku hiyo. Jiko la presha la umeme hujikatia umeme likishapata mgandamizo, na maharage huivia humo kwa chini ya uniti moja.

Wanaoumia zaidi ni wapangaji wanaochangia mita moja. Vyumba vinne vya watu wasiofuja, kila kimoja kikitumia uniti 40, hufanya 160 kwa mwezi, na mita huhesabu kana kwamba ni nyumba moja yenye anasa. Ugomvi huishia kwa mwenye friji, na submita, mita ndogo ya kila chumba, husaidia kuonyesha nani ametumia nini. Haibadilishi bei, kwa sababu TANESCO inaiona mita kuu pekee. Anayetaka kuhesabiwa uniti 40 zake peke yake anahitaji kufungiwa mita yake, jambo linalopaswa kuanzia kwa mwenye nyumba.